Dawa imemtuliza mdogo wangu: je, dopamini imekwisha kurekebishwa?

Swali

"Shikamoo daktari. Naandika kutoka Kirumba, Mwanza. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23 na alikuwa mwaka wa pili chuoni. Mwaka jana alianza kujifungia chumbani, akaacha kuoga, kisha akasema redio ya jirani inamtaja jina na kwamba kuna watu wanaomfuatilia kila anaposhuka Mwaloni. Tulihangaika kwa mganga huko Magu, halafu kwenye maombi, na miezi kadhaa ikapita kabla ya kumfikisha hospitali, ambako tuliambiwa ni skizofrenia na kwamba kemikali ya ubongo iitwayo dopamini imezidi. Sasa ana wiki sita akitumia haloperidoli. Sauti zimeisha na analala vizuri, lakini mikono inamtetemeka, mate yanamtoka na hana hamu ya kitu chochote. Baba anasema kemikali imekwisha kurekebishwa, aache dawa kabla haijamharibu. Mjomba anasema kama kweli ni kemikali, basi wangempima damu kwanza waione. Mimi nina mtoto mdogo na naogopa kwamba jambo hili liko katika damu yetu. Tushike lipi?"

Jibu

Marahaba, dada, na poleni nyote kwa kipindi mlichopitia. Nianze na lile lisiloweza kungoja: mdogo wako asiache dawa kwa sasa, lakini arudishwe kliniki wiki hii hii bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, kwa sababu kutetemeka na kutokwa mate ni madhara ya dawa, na madhara hayo yanaweza kupunguzwa. Mambo hayo mawili hayapingani, na sababu imo ndani ya dopamini yenyewe. Mliyoambiwa hospitalini ni kweli, ila yamefupishwa mno, na ufupisho huo ndio uliompa baba hoja yake. Mtu akiambiwa kwamba kemikali imezidi, ni halali yake kufikiri kwamba dawa huipunguza mpaka irudi kwenye kiwango chake, na kwamba kiwango kikishafikiwa kazi imekwisha. Haloperidoli haifanyi hivyo. Hukaa kwenye vipokezi ambavyo dopamini ingetua, ikauzuia ujumbe wake usipokelewe, huku chanzo kinachoimwaga kwa wingi kikiendelea kama kilivyokuwa.

Dopamini ni mojawapo ya kemikali ambazo seli za neva hutumia kupelekeana ujumbe. Seli moja huimwaga katika mwanya mwembamba sana uitwao sinapsi, nayo hutua kwenye vipokezi vya seli ya pili, kisha hurudishwa ilikotoka au huvunjwavunjwa. Hadi miaka ya 1950 wanasayansi wengi waliiona kama malighafi tu ya kutengenezea kemikali nyingine, mpaka Arvid Carlsson wa Sweden alipoonyesha, kuanzia mwaka 1957, kwamba ina kazi yake yenyewe katika ubongo, na kwa ugunduzi huo akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2000. Seli zinazoitengeneza ni chache mno zikilinganishwa na mabilioni ya seli za ubongo, na nyingi zimekusanyika katika sehemu ya juu ya shina la ubongo, zikitoa nyuzi ndefu zinazokwenda sehemu mbalimbali: kuna zinazofika penye mwendo na misuli, kuna zinazofika penye hamu na uthamini wa mambo, kuna zinazofika mbele ya ubongo penye kupanga na kufikiri, na kuna njia nyingine fupi inayozuia homoni ya maziwa iitwayo prolaktini. Naomba familia nzima ilishike hili, kwa kuwa karibu kila kitu nitakachosema baadaye kinatoka hapo. Katika skizofrenia dopamini haizidi ubongo mzima. Huzidi kumwagwa katika eneo moja la ndani liitwalo striatamu, na huku mbele, penye kupanga na kufikiri, inaelekea kuwa pungufu.

Tulifika kuyajua haya kwa kupitia dawa, maana dawa ndizo zilizotangulia na maelezo yakafuata. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne jijini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wao klorpromazini, dawa ambayo daktari wa upasuaji Henri Laborit alikuwa amekwisha kuona jinsi inavyowatuliza watu wanaopasuliwa. Watu waliokuwa wakisikia sauti kwa miaka walianza kuzungumza na wauguzi wao kwa utulivu, na hapakuwa na aliyejua ni kwa nini. Haloperidoli, hiyo anayomeza mdogo wako, ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen. Mwaka 1963 Carlsson na Margit Lindqvist, wakifanya kazi na panya, walipendekeza kwamba dawa hizo mbili huziba vipokezi, na kufikia mwaka 1976 maabara ya Philip Seeman nchini Kanada na ya Solomon Snyder nchini Marekani zilikuwa zimeonyesha kwamba kadiri dawa inavyong'ang'ania kipokezi kimoja cha dopamini, kile kiitwacho D2, ndivyo dozi yake inavyoweza kuwa ndogo. Miligramu 2 za haloperidoli hufanya kazi inayokaribia ile ya miligramu 100 za klorpromazini. Ninalitaja hili kwa sababu nimeona ndugu wakimwongezea mgonjwa kidonge cha haloperidoli kwa kukiona kidogo na kukidhania dhaifu, na hilo ni kosa la hatari.

Ushahidi wa upande wa pili ni vitu vinavyoongeza dopamini. Amfetamini huilazimisha imwagike, na mtu mzima kabisa wa akili akiitumia kwa wingi anaweza kuanza kusikia sauti na kuamini kwamba anawindwa. Katinoni iliyomo kwenye mirungi hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Wagonjwa wa Parkinson, ambao dopamini yao ya njia ya mwendo imepungua, hupewa levodopa ili kuiongeza, na baadhi yao huanza kuona watu wasiokuwepo. Kisha katika miaka ya 1990 zikapatikana mashine za kupiga picha zinazoweza kufuatilia dopamini ndani ya ubongo wa mtu aliye hai. Mwaka 1996 Marc Laruelle na wenzake walichapisha kwamba watu wenye skizofrenia, wakipewa kiasi kidogo cha amfetamini, humwaga dopamini zaidi kwenye striatamu kuliko watu wengine waliopewa kiasi hicho hicho. Tafiti zilizofuata zimeona kwamba hata uwezo wa kuitengeneza na kuiweka akiba uko juu katika seli hizo, na kwa baadhi ya watu dalili yake huonekana kabla ugonjwa haujajitokeza waziwazi.

Sasa utauliza inakuwaje kemikali kuzidi mahali fulani kukamfanya kijana asikie jina lake kwenye redio ya jirani. Katika mtu mzima wa afya, dopamini humwagwa kwa vipindi vifupi pale jambo lenye maana linapotokea, na kumwagwa huko ndiko kunakoufanya ubongo uliache jingine lote ulishughulikie hilo. Wavuvi wa dagaa wa hapa kwetu huelea na taa zao usiku usio na mbalamwezi, na dagaa hukusanyika palipo na mwanga. Dopamini ndiyo taa hiyo, na mawazo yetu hukusanyika inapowaka. Katika skizofrenia taa huwaka ovyo, penye jambo na pasipo na jambo: muuza samaki aliyegeuka kumtazama, pikipiki iliyopita mara mbili, sauti ya mtangazaji iliyopenya ukutani, vyote vinakuja na uzito wa kitu kinachomhusu yeye binafsi. Ubongo hauwezi kukaa na uzito usio na maelezo, kwa hiyo unatunga maelezo, na maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba kuna watu wanamfuatilia. Shitij Kapur, aliyeandika kwa kina juu ya nadharia hii mwaka 2003, alieleza pia kwa nini dawa hailiondoi wazo lenyewe. Inazima taa za ovyo, hivyo mambo mapya yasiyo na maana hayaongezeki, lakini imani ambayo kijana amekwisha kuijenga kwa miezi kadhaa hupungua nguvu polepole, kwa kujifunza upya. Basi msishangae mdogo wako akisema kwamba sauti zimeisha lakini watu wale walikuwa wa kweli. Msibishane naye, wala msimkubalie ili kumridhisha. Mwambieni kwamba mnajua aliogopa sana na kwamba mnafurahi hofu imepungua.

Hapa ndipo hoja ya baba inapokosa msingi. Dawa ikiondolewa, vipokezi vinabaki wazi mbele ya dopamini ile ile iliyokuwa ikimwagika kwa wingi, na pengine vimekuwa vyepesi zaidi kuipokea, kwa sababu ubongo uliozibwa hujaribu kufidia kwa kuongeza vipokezi. Ugonjwa haurudi siku ya pili, na huo ndio mtego: kijana anaweza kuacha dawa, akakaa vizuri wiki kadhaa au miezi, familia ikathibitisha kwamba ilikuwa sahihi, kisha mambo yakageuka. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Lancet, ukiunganisha majaribio 65, ulionyesha kwamba katika muda wa takriban mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia asilimia 27 ya waliobaki kwenye dawa na asilimia 64 ya waliobadilishiwa vidonge visivyo na dawa. Takwimu hizo zinamlinda baba asije akapuuzwa pia, maana zinaonyesha kwamba wapo wanaoacha na wasiugue ndani ya muda huo, na wapo wanaomeza na bado wakaugua. Lakini hakuna namna ya kumjua mapema aliye katika kundi lipi, na gharama ya kukosea ni chuo, ni kazi, na mara nyingine ni uhai. Baada ya tukio la kwanza, madaktari wengi hushauri dawa iendelee kwa mwaka mmoja au miwili mgonjwa akiwa ametulia, ndipo upunguzaji uzungumzwe, nao ufanyike kidogo kidogo chini ya uangalizi. Kama kumeza kila siku kutakuwa kugumu, iwe ni kwa kusahau au kwa sababu atakwenda kufanya kazi kwenye kambi za visiwani kama Ukerewe na Kome, ipo sindano ya mafuta ya haloperidoli au ya flufenazini ambayo hukaa mwilini wiki kadhaa, na kwa watu wanaoishi mbali na kliniki ng'ambo ya maji sindano hiyo ni msaada mkubwa.

Nije kwenye kutetemeka. Dawa ikimezwa haiwezi kuchagua njia moja ya dopamini ikaziacha nyingine; inaziba vipokezi vya striatamu vinavyotuliza sauti na vile vinavyosimamia mwendo kwa pamoja. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba nafuu hupatikana vipokezi vya D2 vikizibwa kwa takriban asilimia 65, na kwamba mkono unaanza kutetemeka, mwili kukakamaa na mate kutoka uzibaji unapokaribia asilimia 80. Nafasi kati ya viwango hivyo viwili ni nyembamba, na kwa dalili ulizozitaja, mdogo wako ameivuka. Hapo daktari ana njia tatu: kupunguza dozi, ambayo mara nyingi ndiyo bora kwa kijana wa tukio la kwanza kwa sababu hao hutosheka na dozi ndogo, kubadilisha dawa kwenda ile yenye madhara machache ya mwendo, kama vile olanzapini, ambayo nayo ina shida yake ya kuongeza uzito na sukari, au kumwongezea benzheksoli, dawa ya kupunguza kutetemeka na kukakamaa. Hii ya mwisho isitangulizwe bila sababu, wala isinunuliwe dukani kwa kukisia, kwani hukausha kinywa, huvuruga kumbukumbu na wapo vijana wanaoitumia kama kilevi.

Kuna hali mbili nataka mzijue kwa jina na kwa sura, kwa sababu nyumbani hueleweka vibaya. Ya kwanza ni shingo kupinda ghafla upande mmoja, taya kukaza au macho kugeukia juu na kubaki huko. Familia nyingi hudhani jini limerudi kwa nguvu, zikamkimbiza mgonjwa kwenye maombezi, ilhali ni misuli iliyokazwa na dawa, na sindano moja hospitalini huilegeza ndani ya dakika chache. Ya pili ni nadra lakini huua: homa kali, mwili mgumu kama mti, jasho jingi na kuchanganyikiwa. Katika mkoa wetu kila homa hudhaniwa malaria, na mgonjwa wa namna hiyo anaweza kulazwa nyumbani akimeza dawa mseto huku figo zikiharibika. Mtu anayetumia haloperidoli akipata homa pamoja na kukakamaa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na anayempokea aambiwe jina la dawa.

Kukosa hamu ni jambo gumu zaidi. Linaweza kuwa ni dawa, kwa sababu njia ya dopamini inayozibwa ni hiyo hiyo inayobeba raha ya mambo, na likiwa ni dawa litapungua dozi ikirekebishwa. Linaweza kuwa ni huzuni ya kijana aliyerudi na akili zake akakuta mwaka wa masomo umempita, na huzuni hiyo ichukuliwe kwa uzito, kwa kuwa hatari ya kujiua huwa kubwa katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa huu. Linaweza pia kuwa ni sehemu ya skizofrenia yenyewe, ile sehemu ambayo dopamini ya striatamu haiielezi. Hapa hadithi ya dopamini inafikia mpaka wake. Kemikali nyingine iitwayo glutamati ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya ubongo, na ketamini, ambayo hospitali nyingi nchini hutumia kuwalaza watu wa upasuaji, huziba kipokezi kimojawapo cha glutamati kiitwacho NMDA. Mtu mzima wa afya akipewa kiasi kidogo cha ketamini hupatwa na njozi, na pia hupooza hisia na kupoteza mtiririko wa mawazo, jambo ambalo amfetamini hailifanyi kwa kiasi hicho. Kwa hiyo watafiti wengi leo wanaiona dopamini kama hatua ya mwisho ya mvurugiko unaoanzia kwenye mtandao mpana zaidi. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hapati nafuu ya kutosha kwa dawa za kuziba D2, na baadhi ya picha za ubongo zimeonyesha kwamba kwa wengi wao utengenezaji wa dopamini haukuwa juu tangu awali. Hao ndio wanaofaa kupewa klozapini, dawa yenye nguvu inayodai upimaji wa chembe nyeupe za damu mara kwa mara. Mwezi Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya skizofrenia isiyogusa vipokezi vya dopamini moja kwa moja, mchanganyiko wa zanomelini na trospiamu. Mdogo wako hayuko huko. Sauti zimeisha ndani ya wiki sita, na hiyo ni ishara njema.

Mjomba ameuliza swali la haki kuhusu damu. Dopamini ya ubongo haionekani kwenye damu ya mkononi, kwa kuwa kati ya damu na ubongo kuna kizuizi ambacho dopamini haiwezi kukipita, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna kirutubisho kinachouzwa mjini kwa jina la kusawazisha kemikali za ubongo ninachoweza kukishauri. Hata hivyo damu ni lazima ipimwe, si kwa kuitafuta dopamini bali kwa kuondoa vitu vingine vinavyoiga skizofrenia: malaria iliyopanda kichwani, virusi vya Ukimwi, kaswende, sukari, tezi la shingo. Daktari anapaswa pia kuuliza kama amewahi kuanguka kifafa, kama anavuta bangi, na, kwa mtu aliyekulia kwenye maji ya ziwa letu, kama amewahi kutibiwa kichocho, kwani kwa nadra mayai yake hufika kwenye mfumo wa neva. Kama vipimo hivyo havikufanywa, viombeni mtakaporudi. Iwe ni Bugando, Sekou Toure au hospitali ya wilaya, mna haki ya kuviomba.

Kuhusu maombi sina ugomvi, na mgonjwa anayeombewa na watu wanaompenda hapati hasara. Ninachokikataa kwa nguvu zangu zote ni kufungwa kamba, kunyimwa chakula, na kuambiwa kwamba dawa za hospitali zinagombana na uponyaji. Muda unaopita bila dawa tangu dalili za kwanza unahusiana na matokeo mabaya zaidi baadaye, kwa hiyo miezi kama ile ya Magu isirudiwe ikiwa dalili zitarudi.

Kuhusu mtoto wako, ugonjwa huu hurithiwa kwa sehemu, lakini si kwa namna unayoihofia. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulibainisha maeneo 287 ya vinasaba yanayohusika, kila moja likiongeza hatari kidogo mno, na mojawapo liko kwenye kinasaba cha kipokezi kile kile cha D2. Kingine kiitwacho C4, kilichoelezwa mwaka 2016, kinahusiana na jinsi ubongo unavyopunguza sinapsi, kazi ambayo hufanyika kwa wingi katika ujana, na pengine hicho ni kipande kimoja cha jibu la kwa nini ugonjwa huwakamata watu katika umri wa mdogo wako. Kwa makadirio ya Irving Gottesman ya mwaka 1991, mtu yeyote ana hatari ya takriban asilimia 1 maishani, ndugu wa tumbo moja na mgonjwa asilimia 9, na mtoto wa ndugu huyo, yaani mtoto wako, takriban asilimia 4. Hata pacha wa kufanana anayechangia vinasaba vyote na mgonjwa hafiki uhakika. Yeye ni asilimia 48. Hakuna kipimo cha kumfanyia mtoto wako sasa, wala dawa ya kumpa. Akifika umri wa ujana, mwelezeni bila kuficha kwamba bangi na mirungi kwake ni hatari kuliko kwa wenzake, na mkiona amejitenga, halali usiku au amejaa hofu isiyoelezeka kwa wiki kadhaa, mwoneni daktari wakati huo huo.